Shenaji ni nini? Maneno ya shantie mchimbaji anayopashwa kujua mbele ya kutoa franga



Hapa Bunagana, kwenye bariere, malori yanaingia kutoka Uganda na simenti, vyuma na mabati. Maneno yanaingia nayo. Fundi aliyejifunza kazi Kisoro anakuja na maneno yake ya Kiingereza, na fundi aliyejifunza Goma anapanda na maneno yake ya Kifaransa. Sisi tuko katikati. Kitu kimoja kinakuwa na majina matatu: saruji ya vitabu ni simenti kwetu na simiti ng'ambo. Nondo ya watu wa Tanzania ni ferabeto hapa. Hata mwiko: kwetu mwiko ni wa kusonga bugali, lakini kwa mafundi wa pwani mwiko ndio chombo cha kupaka simenti ukutani, kile ambacho masoni wa Goma anaita triweli.

Mtu anaweza kucheka. Lakini sisi wa sendika tumeona franga za wachimbaji zikipotea kwa sababu ya neno moja tu.

Mwenzetu mmoja alifanya miaka mitatu kwenye mashimo ya koltani huko Masisi. Kila alipopata kitu, alituma kwa bibi yake hapa Bunagana, wajenge. Fundi aliandika devi ya ukurasa mmoja, yote kwa Kifaransa. Mama alilipa kila mstari. Nyumba ikasimama, mabati yakapanda, majirani wakapongeza. Mvua ya pili ilipopita, ufa ukaanza kwenye kona ya dirisha, ukapanda mpaka kwenye mbao za juu. Mama akaleta karatasi kwenye mkutano wetu. Tukaisoma neno kwa neno. Mstari wa saba ulisema "chaînage". Tukamuuliza: « Mama, huu mkanda wa betoni uko wapi kwenye nyumba yako? » Akajibu: « Mkanda gani? Mimi nilizani ni jina la aina ya simenti. »

Alilipia kitu ambacho hakikujengwa, na hakuweza kukidai kwa sababu hakujua ni nini. Siku ile tukaamua kwamba maneno ya shantie nayo ni kazi ya sendika.

Maneno ya chini

Tuanze chini, kama nyumba inavyoanza. Msingi, kwa mafundi wetu, ni fondasio. Wanachimba mfereji, wanapanga moelo, maana yake mawe makubwa ya kujengea. Kwetu moelo mengi ni mawe meusi ya volkano. Watu wa Goma wanayajua vizuri: tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilimwaga moto wa mawe mpaka katikati ya mji, na kisha watu wakavunja mawe yaleyale wakajenga tena juu yake.

Kama nyumba itakuwa na nguzo za betoni, chini ya kila nguzo inapashwa kuwa semele. Ni mguu mpana wa betoni, kama vile mtu anavyosimama kwa unyayo na si kwa kisigino. Nguzo yenyewe wanaita poto. Fundi akikuambia « tunaweka poto », umuulize papo hapo: « Na semele? »

Mbele ya kuchimba, angalia pembe. Chombo cha pembe kinaitwa ekeri, lakini huna haja ya kukinunua. Chukua kamba. Pima mita 3 kwenye upande mmoja wa kona, mita 4 kwenye upande wa pili, kisha vuka kutoka alama moja mpaka ingine. Kama inafika mita 5 kamili, kona iko sawa. Kama hapana, nyumba itakuwa imepinda tangu siku ya kwanza. Mama anaweza kufanya hii kazi na watoto wake wawili.

Chombo cha kupima kama ukuta umesimama wima ni filaplo: uzi na kitu kizito chini. Wanaoandika Kiswahili cha vitabu wanakiita timazi. Cha kupima kama umelala sawa ni nivo, pimamaji kwa wengine. Fundi asiye na filaplo na asiye na nivo ni fundi wa macho, na macho yanachoka saa sita.

Mkanda na kizingiti

Sasa tufike kwenye neno lililotuleta hapa. Shenaji ni mkanda wa betoni wenye vyuma ndani, unaozunguka nyumba yote bila kukatika. Mmoja unawekwa juu ya fondasio, mwingine juu ya milango na madirisha. Fundi wa Kisoro atakuambia ringi-bimu, wa Tanzania atasema linta. Ni kitu kilekile. Kazi yake ni kushika kuta zote nne pamoja, kama mshipi unavyoshika suruali. Udongo ukishuka kidogo upande mmoja, au ardhi ikitetemeka, kuta hazigawanyiki.

Na kwetu ardhi inatetemeka. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko liliua watu na kubomoa nyumba huko Bukavu na ng'ambo, Rwanda. Na baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, Goma na Gisenyi zilitetemeka siku nyingi mfululizo, kuta zikapasuka. Kwa hiyo fundi akisema « Papa, shenaji si ya lazima, iko ya majumba ya matajiri », mjibu kwamba volkano haiulizi tajiri ni nani.

Usichanganye shenaji na linto. Linto ni kizingiti cha juu cha mlango au dirisha, kipande kifupi kinachobeba matofali yaliyo juu ya nafasi wazi. Hapa mchimbaji hahitaji mwalimu. Ndani ya galeri unasimamisha poto mbili na unalaza gogo juu yake, lile wanaloita shapo. Shapo ndiyo inabeba mlima juu ya kichwa chako. Linto ni shapo ya mlango. Kama hauwezi kuingia kwenye galeri isiyo na shapo, usikubali dirisha lisilo na linto, maana chini ya lile dirisha mtoto wako analala.

Hesabu ya mkanda

Tuchukue nyumba ya mita 8 kwa mita 6. Kuizunguka ni mita 28. Kama shenaji ina upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 20, betoni yake ni zaidi kidogo ya mita kibe moja. Dozaji ya kawaida ya betoni yenye vyuma ni kilo 350 za simenti kwa kila mita kibe, maana yake mifuko 7 ya kilo 50. Kwa mkanda wetu, weka mifuko 8. Fundi akiandika mifuko 15 kwa mkanda mmoja, muombe akuonyeshe hesabu. Akitumia mitatu, mkanda wako ni mchanga uliopakwa rangi ya simenti.

Kuchanganya kwa ndoo au kwa bruweti: simenti 1, mchanga 2, kokoto 3. Maji yasizidi. Betoni inayotiririka kama uji ni rahisi kumwaga lakini ikikauka iko zaifu.

Ndani ya mkanda zinapita ferabeto nne kwa urefu, na etrie zinazozifunga. Etrie ni vile vipete vya pembe nne vya chuma chembamba. Tukiweka etrie moja kila sentimita 20, mita 28 zinataka etrie karibu 140. Zihesabu mbele hawajamwaga betoni, maana kisha kumwaga hakuna anayeona kitu. Kwa vyuma virefu, baa moja ina mita 12. Mara nne kuzunguka ni mita 112, na vyuma vinapashwa kupishana pale vinapoungana. Kwa hiyo baa 10 mpaka 11, bila kuhesabu ukuta wa katikati.

Angalia na unene. Ferabeto ya 12 ni milimita 12, ya 10 ni milimita 10. Mtu anaona ni tofauti ya milimita mbili tu. Lakini baa ya 12 yenye mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10,7, na ya 10 ina kilo 7,4. Aliyekuuzia 10 kwa jina la 12 amekutolea karibu sehemu tatu kwa kumi za chuma. Basi chukua mizani ya soko ya kupimia maharagi, pima baa moja. Mizani haijui Kifaransa wala Kiingereza.

Mbao zinazoshika betoni wakati ingali laini zinaitwa kofraji. Zikiisha kutolewa, kazi haijaisha: mwagia betoni maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Hii ni kazi ya familia, haitaki franga.

Juu ya nyumba

Huko juu kuna madrie, mbao nene, na shevroni, mbao nyembamba zinazobeba mabati. Mtego wa mabati uko kwenye namba. Muuzaji anakuambia bati la 28 au la 32, na mtu anazani 32 ni kubwa kwa hiyo ni nguvu. Ni kinyume. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. La 28 ni nene kuliko la 32. Wako waliolipa bei ya 28 wakapelekewa 32, na wakashukuru kwa sababu namba ilikuwa imepanda.

Maneno ya karatasi

Devi ni karatasi ya bei zote mbele ya kazi. Mendevre ni mkono wa fundi, mbali na vifaa. Forfe ni bei moja ya kazi nzima, haibadiliki hata kazi ikichukua miezi. Avansi ni ile ya kwanza unayotoa. Usitoe avansi ya mendevre yote. Gawanya: kipande fondasio ikiisha, kipande shenaji ikimwagwa, kipande mabati yakipanda. Na mchanga unaoletwa na lori, usinunue kwa jina la lori. Pima sanduku lake: urefu mara upana mara kimo cha mchanga. Hapo utajua ni mita kibe ngapi.

Kuna na upande wa pili. Wengi wetu, shimo likifungwa, tunakuwa edi-masoni kwenye shantie za watu. Tunalipwa kwa siku, tunaitwa jurnalie. Neno hilo nalo lina sheria nyuma yake. Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inasema: mtu wa siku kwa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akachukuliwa tena mbele ya miezi hiyo miwili kuisha, kazi yake inahesabiwa kuwa ya mkataba usio na mwisho. Kwa hiyo andika siku zako kwenye kidaftari, na tarehe. Kapita akisema « wewe ni jurnalie tu », fungua kidaftari.

Turudi kwenye shimo

Kuna ndugu wanatuuliza: ninyi ni sendika ya mine, matofali yanawahusu nini? Tunajibu kwamba ni maneno yaleyale. Poto, shapo, boazaji, maana yake kazi yote ya kusimamisha mbao ndani ya shimo. Anayemuachia fundi neno la shenaji bila kuuliza, atamuachia na mwenye shimo neno la boazaji. Atamuambia « imefanywa », naye ataingia. Kodi ya mine inasema mchimbaji wa mkono asipite mita 30 kwenda chini. Ni wangapi kati yetu wanaojua mita zao? Huko Rubaya milima imeanguka mara nyingi juu ya vijana wetu, na kila mara kisha kuzika tunauliza nani alisimamisha mbao. Tungeuliza mbele.

Na sasa watu wanajenga tena. Tangu Juni 2022, mji uliposhikwa na M23, familia nyingi zilikimbilia Kisoro, na waliorudi wamekuta kuta bila mabati, au mabati bila kuta. Franga ni kidogo. Hakuna aliye na ya kujenga mara mbili.

Mama yule wa ufa alijenga mkanda wake mwaka uliofuata. Ilibidi kutoa mabati yote, kumwaga shenaji, na kurudisha mabati juu. Fundi alikuwa mwingine. Yeye mwenyewe alisimama pale na kamba na mizani, akahesabu etrie kwa sauti, na fundi akangoja mpaka amalize. Zilikuwa 131. Akamwambia: « Fundi, bado tisa. »

Zikaletwa tisa. Kisha wakamwaga.