Uniti, Gigajuli na Tani za Mafuta: Tulinganishe Vipi?

Ndugu wanakamati na wafadhili, maandiko ya miradi ya umeme hutufikia yakiwa na vipimo tofauti. Muuzaji wa sola huandika megawati-saa (MWh), fomu ya mfadhili hudai gigajuli (GJ), na takwimu za nchi mara nyingi hutolewa kwa tani za mafuta (toe). Kamati ikilinganisha namba hizo jinsi zilivyo, inaweza kuchagua vibaya.

Tuanze na kile tunachokijua. Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa 1, sawa na megajuli 3.6. Uniti 1,000 ni MWh 1, yaani GJ 3.6. MWh 1,000 ni gigawati-saa (GWh) 1. Toe moja ni GJ 41.868, karibu uniti 11,630.

Megawati peke yake ni jambo jingine. Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji lina megawati 2,115. Huo ni uwezo wa mitambo, si umeme uliozalishwa. Mitambo yote ikifanya kazi kwa nguvu zote kwa saa 24 itatoa MWh 50,760, karibu GWh 51. Ikisimama, haitoi hata uniti moja, ingawa uwezo ni ule ule.

Sasa tuchukue mfano wa zahanati ambayo jenereta yake hutumia lita 3,000 za dizeli kwa mwaka. Lita moja ina takriban megajuli 36, hivyo jumla ni GJ 108, au MWh 30. Muuzaji wa sola anaahidi MWh 9 kwa mwaka. Mjumbe atauliza, na ana haki: mbona haifiki hata theluthi? Lakini zile MWh 30 ni nishati iliyomo ndani ya dizeli. Sehemu kubwa hupotea kama joto kwenye injini na bomba la moshi. Jenereta ndogo ikitoa uniti 3 kwa lita, umeme unaofika kwenye taa na jokofu la chanjo ni MWh 9 tu, sawa kabisa na ahadi ya sola.

Kabla ya kusaini, mwulizeni muuzaji kama MWh hizo ni za kwenye paneli au zinazobaki baada ya kupita kwenye betri. Kwenye fomu ya mfadhili andikeni GJ 32.4, mkieleza kuwa ni umeme, si mafuta.