Mandhari, Maumbile na Uumbaji

Mwaka 1808 mchoraji Mjerumani Caspar David Friedrich alikamilisha picha ya madhabahu isiyo na umati, wala askari, wala Mariamu. Yaonekana jabali, misonobari, miale ya jua, na juu kabisa msalaba wenye sanamu ya Kristo. Mnamo Januari 1809 mhakiki Basilius von Ramdohr alilalamika kuwa picha ya namna hiyo imejipenyeza kanisani na kutambaa hadi madhabahuni. Friedrich alieleza kwamba jabali ni imani, na misonobari isiyopukutisha majani ni tumaini.

Je, mfasiri aiiteje picha hii? “Sura ya nchi” ni istilahi ya wanajiografia. Twapendelea “picha ya mandhari”, kwani mandhari huhusu pia jicho litazamalo.

Ugumu hasa umo katika “maumbile”. Ingawa neno hili latokana na kitenzi “umba”, masikio ya leo hayamsikii Muumba ndani yake. Husikia umbo la mwili, au tabia ya kuzaliwa nayo. “Viumbe” nalo huliacha jabali nje, kwa kuwa wengi hulielewa kwa vyenye uhai tu. Mfasiri atiaye “maumbile” katika maelezo ya Friedrich humpa Ramdohr ushindi bila kukusudia. Twapendekeza “maumbile” yabaki kwa mhakiki, na “kazi ya uumbaji” itumike mchoraji anapokiri imani yake.

Friedrich alikuwa Mlutheri, ndiyo maana tumeandika “madhabahu”. Wakatoliki waliozoea “altare” watuwie radhi.