Vyombo vya Safari Wavipendavyo Watu wa Ruiru

Ruiru ni mji ulioko kati ya Nairobi na Thika, yapata kilomita 25 kutoka Nairobi, na kwa sababu ya mahali ulipo watu wake ni wasafiri wapende wasipende. Karani huamkia Nairobi, fundi huelekea viwanda vya Thika, mkulima wa upande wa Githunguri huteremka na maziwa na mboga zake, na mwenye duka hurudi jioni na marobota aliyonunua Gikomba.  Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta hapa watu zaidi ya laki tatu, na wengi wao hulala Ruiru na kufanya kazi kwingine. Basi habari ya kusafiri si habari ya anasa. Ni habari ya mshahara, ya saa ya kuamka, na pengine ya uhai wa mtu.

Mgeni hudhani ya kuwa watu hupenda zaidi chombo kiendacho mbio. Kwa Ruiru sivyo. Ukitazama vyombo vilivyopendwa hapa tangu zamani mpaka leo, utaona ya kuwa kila kimoja kilipendwa kwa sababu kilimfikisha mtu mlangoni pake, au karibu na mlango. Reli na barabara kubwa zilijengwa na Serikali, nazo zimefanya kazi kubwa. Lakini kipande kile cha mwisho, kutoka stesheni au steji hata nyumbani, watu walilazimika kukitafutia dawa wao wenyewe.

Dawa ya kwanza ilikuwa miguu. Nchi hii imekatwa na mito mingi itokayo milima ya Nyandarua kwenda mashariki, na kati ya mto na mto pana mgongo wa kilima. Kuufuata mgongo ni rahisi, lakini kuikata migongo ni kazi ya kushuka na kupanda mchana kutwa. Ruiru imekaa pale ambapo migongo hiyo huanza kulala na kuwa tambarare, kwa hiyo tangu kale palikuwa mahali pazuri pa kupitia. Akina mama wakija na kuni na viazi migongoni, mkanda wa ngozi ukiwa umekaza kipajini, na wengi waliacha alama ya mkanda huo katika vipaji vyao maisha yao yote.

Reli kutoka Pwani ilifika Nairobi mwaka 1899, na tawi la kwenda Thika likafunguliwa mwaka 1913. Ajabu yake ni kwamba katika karatasi za Serikali tawi hilo liliitwa tramu, ingawa kwa macho ya kila mtu lilikuwa reli. Liliendelea kaskazini mpaka likafika Nanyuki mwaka 1930. Nia yake kubwa ilikuwa kuchukua kahawa na mkonge wa mashamba ya walowezi. Mwafrika naye alisafiri, katika daraja la tatu. Gari la moshi lilimtoa Nairobi na kumtua Ruiru, kisha likaenda zake. Aliyekaa mbali na stesheni alijitwika mzigo wake na kuanza safari ya pili.

Ndipo ilipokuja baisikeli. Hiki ndicho chombo cha kwanza ambacho mtu wa kawaida aliweza kukiita chake. Zile baisikeli nyeusi za Raleigh, zilizotengenezwa Nottingham huko Uingereza, zilikuwa nzito kama ng'ombe na zenye subira kama punda. Karani alibana suruali kwa vibanio ili mnyororo usiitie mafuta, akafika ofisini akiwa nadhifu. Mkulima alifunga mkebe wa maziwa kwenye keria kwa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu. Kutoka Ruiru kuelekea mashariki barabara ni laini, na mtu huweza kupiga pedeli bila kushuka. Kuelekea Githunguri ni kupanda, na mara nyingi mwenye baisikeli huonekana akiisukuma kana kwamba yeye ndiye aliyeajiriwa nayo. Kurudi ni kuteremka, na hapo ndipo penye hatari, maana breki zake zilikuwa za fito za chuma zikibana rimu ya chuma, na mvua ikizilowesha hazishiki vizuri. Wenye akili walianza kushika breki juu ya kilima, si katikati ya mteremko.

Haifai, hata hivyo, kuisifu miaka hiyo kupita kiasi. Kuwa na baisikeli nzuri hakukuwa na maana ya kuwa na ruhusa ya kwenda. Tangu tarehe 20 Oktoba 1952, ilipotangazwa Hali ya Hatari, mpaka Januari 1960 ilipoondolewa, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kutembea apendavyo bila pasi. Katika msako mkubwa ulioanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954 maelfu ya watu walikamatwa, na wengi wao walipelekwa kizuizini. Wazee wanaposema ya kwamba safari za zamani zilikuwa na taabu, wasidhaniwe kuwa wanasema habari za matope tu.

Karibu na mwisho wa miaka hiyo watu wachache wenye magari makuukuu walianza kuchukua abiria bila leseni, wakitoza senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Kwa Kikikuyu tatu ni ithatu, nazo sarafu zile huhesabiwa matatu, na jina likashika. Magari hayo yalifukuzwa na polisi na kulaumiwa na wenye mabasi, lakini abiria waliyapenda, maana yalisimama popote na kuingia njia ambazo basi halikuthubutu kuziingia. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu kufanya kazi bila ya leseni ile waliyotakiwa kuwa nayo wenye mabasi, na tangu hapo hayakurudi nyuma. Leo mtu wa Ruiru huitafuta namba 145 na mtu wa Thika namba 237, hata asiyejua kusoma kitu kingine.

Matatu yana ubaya wake nao haufichiki. Huondoka yakijaa, wala si saa ikifika, na karani atakiwaye kazini saa mbili kamili hukaa kitini akihesabu nafasi zilizobaki huku makanga akiapa ya kuwa amebaki mtu mmoja tu. Mvua ikinyesha nauli hupanda, kana kwamba mawingu nayo yana hisa katika gari. Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa mbio na ujazaji wa watu, mpaka Waziri John Michuki alipotoa amri zake, zikaanza kufuatwa Februari 2004: kila kiti kiwe na mkanda, mwendo usipite kilomita 80 kwa saa, gari liwe na mstari wa manjano, na dereva na makanga wavae sare. Wakati ule wengi walinung'unika kwa kuachwa barabarani siku kadha. Baadaye wengi hao hao walikiri ya kuwa kukaa mtu mmoja katika kiti kimoja ni heshima ambayo walikuwa wameisahau. Kwa maoni yangu hakuna amri ya barabara iliyoeleweka upesi na watu wa kawaida kama ile, na inasikitisha kwamba siku hizi mikanda mingi imekuwa mapambo tu.

Kisha ikaja barabara kuu. Ilijengwa kuanzia mwaka 2009, na Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012, yapata kilomita 50 kutoka Nairobi mpaka Thika, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 30, nyingine zikiwa za mkopo kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika na China. Faida yake hakuna awezaye kuikana. Safari iliyokula asubuhi nzima ikawa fupi, na nyumba zikaota kwenye mashamba ya kahawa upesi kuliko kahawa yenyewe. (Na hapa ndipo kilipotoka kituo cha utafiti kilichowapa wakulima mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, hata jina la mji likajulikana na wakulima wa mbali.) Aendaye uwanja wa ndege hupita njia ya kando ya mashariki, pale Kamakis, bila kuuona mji wa Nairobi.

Lakini kwa mwenye miguu barabara hiyo imekuwa kama mto mpana uliojaa maji. Shule iko ng'ambo hii, soko ng'ambo ile, na katikati magari yanapita kwa kasi. Wengi walipoteza maisha wakivuka, na watu wakadai vivuko vya juu, na vivuko vikajengwa. Hata hivyo wako wanaoruka vyuma vya katikati mpaka leo, maana kivuko kiko mbali na njia yao ya kila siku. Kuwakemea ni haki, lakini mhandisi naye angefaa kutazama kwanza vijia ambavyo nyayo za watu zimechora katika majani, kabla ya kuamua mahali pa kusimamisha nguzo zake.

Na ukishavuka, bado hujafika nyumbani. Hapa ndipo bodaboda ilipopata ufalme wake. Kazi hii ilianza miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana walivusha abiria kwa baisikeli kutoka mpaka huu hata ule, wakiutaja mpaka kwa Kiingereza mara mbili, na jina likazaliwa. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa pikipiki ndogo, nazo zikaja kwa wingi kutoka India na China. Katika Ruiru hakuna kichochoro kisichofikika. Mgonjwa huchukuliwa usiku wa manane, mkulima hupelekewa gunia la chakula cha ng'ombe, na mtoto aliyechelewa huwahi kengele ya shule.

Bei yake ndiyo inayowauma watu bila wao kujua. Karani anayepanda pikipiki mpaka steji, kisha matatu mpaka mjini, na kurudi vivyo hivyo, hulipa nauli nne kwa siku. Na aghalabu kile kipande kifupi cha kilomita mbili au tatu humgharimu karibu sawa na kilomita zile 25. Hatari yake yajulikana katika kila hospitali. Sheria yasema abiria awe mmoja, na yeye na dereva wake wavae kofia ngumu. Abiria wengi hukataa kofia kwa ajili ya jasho la aliyeivaa kabla yao. Anunue yake, basi, kama anunuavyo mwavuli. Na ampande kijana ajulikanaye katika steji yake, wala si yule apitaye mbio akipunguza bei.

Katika miaka ya karibuni gari la moshi la abiria limekuwa likiondoka Ruiru asubuhi kwenda Nairobi na kurudi jioni, na karani mwenye saa maalumu za kazi hupata faida nalo, maana halizuiwi na msongamano wa motokaa pale Githurai. Kinachowazuia wengi ni umbali wa stesheni. Kwa hiyo ingefaa wakubwa wa reli na wa Kaunti ya Kiambu wafikirie kuwa na banda la kulaza baisikeli katika stesheni, lenye mlinzi na kibandiko cha namba. Mtu akaaye kilomita tatu kutoka hapo hufika kwa dakika kumi na tano akiendesha polepole, huiacha baisikeli yake, huipata jioni, na nauli mbili kati ya zile nne hubaki mfukoni mwake kila siku ya kazi.