Chemirocha: Hao Madem Walikuwa Wanamchekelea Jimmie Rodgers, Hawakuwa Wanamuabudu

Kama umewahi kupita Gikomba asubuhi mapema unajua hiyo kelele. Cherehani zinanguruma, wasee wanapigia kamera debe, na kwa kibanda cha fundi mmoja redio inacheza Kenny Rogers ama Don Williams. Hakuna mtu hushangaa. Wakenya na country ni chapo na madondo. Hadi tuko na wetu, Sir Elvis.

Lakini manze, hii kitu iliingia hapa kitambo, na rekodi yake moja ya kuchekesha zaidi haikutoka Nashville. Ilirekodiwa Kapkatet, side za Kericho, 1950.

Iko hivi. Jimmie Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi. Alianza kurekodi 1927, na ile staili yake ya kuvunja sauti ikipanda ikamfanya aitwe baba wa country. TB ikammaliza 1933 akiwa na miaka 35 tu. Santuri zake zikazidi kusafiri, zikafika hadi kwa Wakipsigis pamoja na gramafoni za wazungu. Wasee wakaskia hiyo gitaa, wakaskia hiyo sauti, na jina likipita kwa ulimi wa Kikipsigis likatoka Chemirocha. (Hiyo "Che" ya mwanzo, ukifikiria Chebet na Chelangat, inakaa jina la dem. Mi hunichekesha kila saa.)

Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Kapkatet akakuta Chemirocha ashageuka ngoma. Akarekodi tatu. Ya tatu iliimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, na chepkong, kile kinubi cha Wakipsigis, inapigwa hapo chini.

Sasa hapa ndio stori huharibiwa. Tracey aliandika kwamba Chemirocha amekuwa nusu mtu nusu mnyama, akamfananisha na Pan, mungu wa Wagiriki. Watu wakadakia hapo hapo, na mpaka leo utaskia eti kuna kabila Kenya liliabudu mwanamuziki wa Marekani.

Buda, cheki kwanza wanamwambia nini. Wanamwita acheze ile densi ya kuruka ya Wakipsigis, aruke na nguvu hadi nguo zimtoke. Mungu gani huambiwa aruke mpaka abaki uchi? Kwangu hiyo ni kejeli safi. Ni vile mbogi ya madem wakiwa wamekaa base humfanyia msee amepita akijiskia.

Fundi wa Gikomba akipata koti ya mzungu mnene, anatoa mabega, anakata mikono, anarudisha kiuno, jioni iko na mwenyewe mpya. Na hakuna mtu huandika eti fundi anaabudu koti. Chemutoi alifanya hiyo kazi na Jimmie Rodgers.

Kitu hunikera ni hii. Rodgers ako na sanamu na makumbusho kwao. Rekodi za Kapkatet zilienda Afrika Kusini, zikawekwa kwa maktaba ya muziki, ILAM, yenye Tracey alianzisha 1954. Wenye sauti walibaki nyumbani bila nakala zaidi ya miaka 60. Ilibidi tufike miaka ya 2010 ndio ILAM wakishirikiana na Ketebul Music, wasee wa hapa Nairobi, wakarudisha nakala huko. Na baadhi ya walioimba walikuwa bado hai! Hebu fikiria uko mzee, mtu anakuja na spika, unaskia sauti yako ya ujanani ikimcheka mzungu aliyekufa kabla hujaijua santuri yake.

Ukitafuta Chemirocha mtandaoni zitakuja hizo tatu. Anza na ya tatu, ile ya madem. Ni fupi sana, kwa hivyo utairudia.