Kijana anataka kushusha IST ya nyumbani: springi au koilova?

"Mama, hii IST imekaa kama inaogopa kukanyaga chini. Nataka niishushe." Hayo ni maneno ya kijana wangu, ambaye ndiyo kwanza amepata kazi. Gari lenyewe ndilo linalompeleka mdogo wake shule ya bweni Morogoro, watu watano ndani, tranka na godoro nyuma. Nilitaka kukataa palepale. Lakini kijana mwenye mshahara wake ukimkatalia bila sababu, ataenda kwa fundi wa pembeni.

Na huko ndiko kwenye hatari, maana njia rahisi kuliko zote ni kukata springi za gari kwa grainda. Springi iliyokatwa haikai sawasawa mahali pake, inaweza kuchomoka gari likiruka, na gari hugonga chini kwenye kila shimo. Hilo nyumbani kwangu halina mjadala.

Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari husika. Kwa kawaida hushusha sentimita 2 hadi 4, na ukishazifunga kimo ni hicho hicho. Zinatumia shokapu ulizonazo, na hapa wengi hukosea hesabu. Shokapu za gari lililotembea miaka Japani kabla ya kufika kwetu zimeshachoka. Springi ngumu zaidi zitazimaliza upesi. Kwa hiyo piga bei ya springi pamoja na shokapu 4 mpya.

Ya pili ni koilova, yaani springi na shokapu zinazouzwa kama seti, zenye nyuzi za kupandisha na kushusha gari. "Tukienda Morogoro tunapandisha," akasema. Sawa, ila nani atalala chini ya gari na spana alfajiri ya safari? Kila ukibadilisha kimo, alaimenti ipimwe upya, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja. Nyuzi nazo zikishika matope na kutu hazizunguki. Koilova za bei ya chini nyingi ni ngumu mno, na mtoto aliyelala kiti cha nyuma atakuwa wa kwanza kukueleza.

Kitu kimoja wazazi tusikiruhusu ni vijana kufungua springi wenyewe uani. Springi ya mbele imebanwa kwa nguvu kubwa, na bila kibano chake maalumu inaweza kufyatuka na kumuua mtu. Iende gereji yenye vifaa, taa za mbele zielekezwe upya baadaye, na kampuni ya bima iarifiwe kabla ya kazi.

Siku ya kufungua shule tulipakia kila kitu, wote tukaingia, isipokuwa yeye. Nilimpa futi kamba apime nyuma, kutoka ukingo wa bodi hadi ardhini. Gari lilikuwa limeshuka sentimita 5 kwa mzigo tu. "Sasa toa 4 nyingine," nikamwambia, "halafu fikiria lile tuta la getini shuleni." Akainama, akatazama chini ya gari kwa muda mrefu.

Sasa anataka sentimita 2, springi fupi na shokapu mpya, na analipa yeye. Nimesema alete kwanza risiti ya shokapu. Habari za rimu hatujafika.