Waimbaji Watembezi wa Bujumbura (2): Khadja Nin, Bila Mali, Bila Deni

Wiki iliyopita tulizunguka mtaa wa Buyenzi, tukaona jinsi Kiswahili kilivyovuka ziwa pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji kikaweka maskani katikati ya Warundi. Leo tumfuate binti mmoja aliyekibeba hadi Ulaya.

Khadja Nin alizaliwa Bujumbura, Burundi, mwaka 1959, wakati mji huo bado unaitwa Usumbura. Alianza kuimba utotoni, katika kwaya ya kanisa kuu. Katikati ya miaka ya 1970 alihamia Zaire, na mwaka 1980 akafika Ubelgiji na mtoto mdogo mkononi. Miaka zaidi ya kumi ikapita kabla albamu yake ya kwanza haijatoka. Ya pili, ya mwaka 1994, aliiita kwa Kiswahili chepesi kabisa: Ya Pili. Kisha mwaka 1996 ikaja Sambolera, iliyomtangaza Ulaya.

Hapo pana swali. Kirundi alikuwa nacho, na Kifaransa kingemfungulia milango ya redio za Brussels na Paris bila jasho. Kwa nini basi nyimbo nyingi aziimbe kwa Kiswahili? Nionavyo mimi, jibu liko kwenye ramani ya maisha yake. Kirundi kinaishia karibu na mpaka. Kiswahili kinasikika Buja (Bujumbura), ukivuka Uvira unakikuta, na Kigoma kinakupokea. Aliyezoea kuhamahama huchagua lugha isiyomuuliza ametoka kilima gani.

Tazama pia alivyoutendea wimbo wa Stevie Wonder wa mwaka 1987, ambao jina lake kwa Kiingereza ni neno moja tu lenye maana ya "huru". Mfasiri mvivu angeandika "Huru" akaenda zake kulala. Wimbo wa Khadja unaitwa Sina Mali, Sina Deni. Hilo ni jina ambalo lingekaa vizuri kwenye pindo la kanga. Neno uhuru tumelizoea majukwaani, pamoja na bendera na gwaride. Jina hili linaurudisha uhuru nyumbani, kwa mtu anayesikia hodi mlangoni na moyo wake usishtuke. Linasema pia jambo ambalo matajiri hawapendi kulisikia: kwamba mali nayo hufunga. Mwenye deni halali kwa kulikimbia, mwenye mali halali kwa kuilinda.

Baada ya albamu ya mwaka 1998, Khadja aliacha mbio za kutoa santuri mfululizo. Wengi walidhani amezimika. Mwezi Mei 2018 akaonekana Cannes, Ufaransa, katika jopo la majaji wa tamasha la filamu lililoongozwa na Cate Blanchett, na akawa miongoni mwa wanawake 82 waliosimama pamoja kwenye ngazi za zulia jekundu kudai usawa. Hakuwa na albamu mpya ya kuuza siku hiyo.

Mwenzake aliyemfuata hakubeba Kiswahili. Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982 na kuikimbia vita mwaka 1995, aliuweka mji wake ndani ya Kifaransa, kwanza kwa rap, halafu kwa riwaya. Je, Buja inamdai? Tutalijadili wiki ijayo.