Nguvu na Shabaha: Kwa Nini Mpira Hauingii Kikapuni?



Vijana wengi wanaopakua magunia hapa Zone Industrielle, Bujumbura, hucheza mpira wa kikapu jioni. Mmoja wao alinijia akilalamika bega. Alikuwa akikosa mitupo huru, akadhani amepungukiwa nguvu. Basi kila usiku baada ya kazi alinyanyua madebe ya mchanga. Maumivu yalipozidi, akanunua vidonge sokoni akavimeza bila kula. Tujifunze kutokana na yaliyompata.

Je, nguvu zinahitajika?

Ndiyo, lakini kwa kiasi. Mstari wa mtupo huru uko mita 4.60 kutoka usawa wa ubao, na ringi iko mita 3.05 juu ya ardhi. Mpira wa wanaume una uzito wa karibu gramu 600. Mtoto wa miaka 10 hutumia karibu nguvu zake zote ili ufike, na anayetumia nguvu zake zote mkono wake huyumba. Ndiyo maana watoto huwekewa ringi ya mita 2.60, mstari wa mita 4 na mpira mdogo, namba 5.

Mtu mzima mwenye afya anazo nguvu za kutosha. Kuziongeza tu hakumpi shabaha. Shaquille O'Neal, aliyecheza Marekani mwaka 1992 hadi 2011, alikuwa na nguvu kuliko karibu wote, lakini aliingiza mitupo huru kama 53 tu kati ya 100. Steve Nash, mwembamba kuliko yeye, aliingiza 90.

Nini huharibu shabaha?

Uchovu. Miguu ikichoka, mchezaji husukuma mpira kwa bega, nalo huumia. Njaa, kiu na upungufu wa damu huzidisha uchovu huo.

Tufanye nini?

- Kunja magoti kidogo. Nguvu zitoke miguuni, mkono uongoze.
- Anza karibu na ringi, kisha rudi nyuma polepole. Ufanye mazoezi kabla hujachoka.
- Uliyebeba mizigo mchana kutwa, usinyanyue vitu vizito usiku. Misuli hujijenga wakati wa kupumzika.
- Kula, na kunywa maji safi.
- Usimeze dawa za maumivu kama diklofenaki bila ushauri wa mhudumu wa afya, tena tumbo tupu. Zinaweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hasa mwili ukipungukiwa maji.
- Bega likiuma zaidi ya wiki moja, au ukishindwa kuinua mkono, nenda kituo cha afya mapema.

Kijana yule aliacha madebe na vidonge, akapumzika wiki tatu. Bado hukosa mitupo mingine, lakini bega limepona na kazini anakwenda. Kwa anayekula kwa jasho lake, bega hilo ndilo shamba lake.